Kwadi ya bei nafuu kutoka Pwani na shamba la mteremko karibu na Molo

Mashine yenyewe ilikuwa kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, cc 250, imeundwa China, rangi nyekundu, bei shilingi 240,000. Ilikuwa imesimama kwenye yadi moja mjini Nakuru baada ya kusafirishwa kutoka Diani, ambako ilikuwa ikikodishwa kwa watalii ufuoni. Waliotaka kuinunua ni familia yenye ekari 22 upande wa Molo: ng'ombe kumi na mmoja wa kukamuliwa, viazi ekari tano, ngano kidogo, na sehemu iliyobaki ni malisho na miti. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa ameshatuma dipoziti ya 30,000 kwa M-Pesa kabla ya mtu yeyote kuniita. Kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda: fundi huitwa kuja kubariki ndoa, haitwi kuuliza habari za bibi harusi.

Nilikataa kuanza na mashine. Nilitaka kuona shamba kwanza.

"Kazi ni ya shamba tu, fundi," mzee aliniambia. "Kubeba vitu."

Jibu hilo haliwezi kununuliwa mashine. Mke wake ndiye aliyeijua kazi kwa mizani. Kila asubuhi mitungi miwili ya maziwa, lita 50 kila mmoja, hutoka boma lililo chini karibu na kijito, hupanda hadi barabara ya murram, kisha hufuata barabara karibu kilomita mbili hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Punda ndiye huibeba kwa mkokoteni. Msimu wa viazi, maji ya kupulizia dawa hutolewa kijitoni kwa mitungi ya lita 20. Wakati wa kuvuna, magunia hupandishwa barabarani ambako lori husubiri. Halafu kuna nguzo za ua, majani ya napia, na mbolea ya samadi.

Tuzitie namba kazi hizo, kwa sababu hapo ndipo kisa hiki kilipoamuliwa, hata kabla hatujafika yadi. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Mtungi wa lita 50 uliojaa, pamoja na chuma chake, unakaribia kilo 60. Miwili ni 120. Keria ya nyuma ya kwadi ya kazi ya saizi ya kati huruhusiwa kubeba kati ya kilo 60 na 90, na hiyo ni ile iliyoundwa kwa kazi. Keria ya ile nyekundu ya Diani ilikuwa ya kufungia begi la mtalii na chupa ya maji.

Mteremko nao niliupima kwa kamba, ubao na pima maji ya fundi wa mawe: sehemu mbaya kuliko zote inapanda mita moja kwa kila mita nne za kwenda mbele, karibu nyuzi 14. Chukua mashine ya kilo 180, dereva wa kilo 75 na maziwa ya kilo 120. Jumla ni kilo 375, na katika mteremko huo uzito unaovuta kurudi nyuma ni kama kilo 90. Injini inaweza kuumudu. Shida ni mahali mzigo ulipokaa: juu, nyuma ya ekseli, huku pua ya mashine ikitazama mbinguni. Mashine ikikwama hapo na dereva akafungua mafuta kwa pupa, magurudumu ya mbele huinuka, na mashine nzima inaweza kumgeukia aliyeiketia. Kwadi haina paa wala nguzo ya kumkinga dereva. Australia ilifika mahali pa kuagiza kwa sheria kwamba, kuanzia Oktoba 2021, kila kwadi mpya ya kazi inayouzwa nchini humo iwe na chuma cha kinga nyuma ya dereva, kwa sababu wakulima walikuwa wakifa chini ya mashine zao wenyewe. Ile jamii ya zamani ya magurudumu matatu ilikoma kuuzwa ikiwa mpya Marekani mwaka 1988 kwa sababu zinazofanana na hizo.

Kwa hiyo maziwa yangepanda kwa trela au yasipande kabisa kwa kwadi. Jambo moja lilitusaidia: katika shamba hili mzigo hupanda na utupu hushuka. Trela ndogo kama hizi huwa hazina breki, na trela iliyojaa ikishuka mlima humsukuma dereva hadi kijitoni. Boma lingekuwa juu na barabara chini, mazungumzo yangeishia hapo.

Jambo la pili halikutusaidia. Njia ya punda hukata mlima kwa ubavu, kama ilivyo desturi ya mnyama mwenye akili. Kwadi ni fupi, imesimama juu, na tairi zake ni laini. Kuikatisha mlima kwa ubavu ukiwa na mzigo ni kuialika ilale. Yenyewe hupenda kupanda wima na kushuka wima, au ipite kwenye njia iliyochimbwa ikawa tambarare kwa upana wake. Nilimwambia mzee kwamba hata angepewa mashine bure, jembe lingetangulia. Hakufurahi. Alikuwa amejiandaa kutumia pesa, hakuwa amejiandaa kuchimba.

Kilichonishangaza kidogo ni kwamba kazi iliyohitaji mashine zaidi haikuwa maziwa. Punda na mkokoteni huyabeba vizuri, mara moja kwa siku, na kurudi anajua njia. Kazi inayowachosha ni maji ya dawa. Ekari moja ya viazi huhitaji kama lita 200 za maji kwa kila upulizaji; ekari tano ni lita 1,000, sawa na pampu 50 za mgongoni. Huku Molo, mvua ikishika na baridi ikishuka, blaiti, ule ugonjwa wa kuozesha viazi, haingoji mtu, na mkulima hurudia dawa kila baada ya siku saba hadi kumi. Vijana hawachoshwi na kupuliza. Wanachoshwa na kupanda mlima na mitungi ya lita 20. Trela yenye mitungi minane iliyofungwa vizuri ni kilo 160 na ushee, na maji hayachezi. Tangi moja kubwa lililojaa nusu ni baya zaidi kuliko lililojaa lote, kwa sababu maji yakikimbilia upande mmoja mashine huyafuata.

Baada ya hesabu hizo ndipo tukaenda Nakuru.

Tulipofika, injini ilikuwa ya moto. Niliweka kiganja juu ya bloku ya injini nikamtazama muuzaji.

"Nilikuwa naipasha kidogo tu, boss, isije ikawasumbua."

Nikamwambia hatuna haraka, tutakunywa chai. Injini iliyochoka huficha mengi ikiwa ya moto, na mnunuzi wa mashine kuukuu asiyeweza kusubiri ipoe anunue tu cherehani. Tuliporudi ilikuwa imepoa, na iliwaka bila kuvutiwa choki, kile kidude cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Muuzaji alijivunia hilo. Mimi lilinitia shaka: injini ya kabureta (chombo cha kuchanganya petroli na hewa) inayowaka baridi bila choki huwa inakunywa petroli kupita kiasi. Moshi ukatoka mweusi, harufu ya petroli ikajaa yadi, na plagi tulipoichomoa ilikuwa na masizi kama ya sufuria ya kuni.

Hili lina maelezo rahisi na halikuwa kosa la mashine. Kabureta yake ilipangiwa hewa ya ufuoni. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Diani. Molo, karibu mita 2,500, ni kama robo tatu. Hewa imepungua, petroli ni ile ile, basi mchanganyiko unakuwa mzito. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, yaani kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, kitu cha bei ya chai na maandazi ya watu wachache. Lakini nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa nyembamba hairudishwi na jeti. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 15 Diani hufika Molo na kumi na moja hivi, hata ukiipanga vizuri namna gani. Mtu anayenunua mashine ndogo ya Pwani kwa kazi ya mlimani alipie kwa akili mashine ndogo zaidi ya ile anayoiona.

Ndani ya moshi mweusi kulikuwa na buluu. Buluu ni oili inayoungua. Nikafungua bomba la hewa, nikapitisha kidole upande wa ndani, baada ya filta, ambako hapapaswi kuwa na hata vumbi la unga. Kidole kilitoka na chembe za mchanga mweupe. Mchanga ukishapita filta hufanya kazi ya msasa kwenye silinda, na kazi hiyo hauiachi.

Tukafunga geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho. Ilisoma psi 85. Muuzaji, ambaye si mjinga, akasema ni kimo cha Nakuru. Alikuwa na haki kidogo: injini ya aina hiyo inayosoma 150 ufuoni ingesoma kama 120 hapa. Lakini kutoka 120 hadi 85 si kimo. Nilitia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, nikapima tena: 115. Oili ikipandisha kompresheni namna hiyo, pengo liko kati ya ringi za pistoni na silinda. Valvu zingekuwa ndizo zinazovuja, oili isingebadilisha sana.

Kisha kijana akaiendesha, akarudi akilalamika kwamba haina mbio. Kwenye nyumba ya kidude cha kufungulia mafuta kwa kidole gumba kulikuwa na skrubu ndogo iliyokazwa ndani. Makampuni ya kukodisha huikaza ili mgeni asije akaruka nayo baharini. Si ujanja wa kuuza, lakini ina maana mbili. Ya kwanza, mashine haikuwahi kufunguliwa hadi mwisho kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuna aliyejua itafanya nini ikifunguliwa. Ya pili, kilomita kwenye dashibodi hazisemi kitu. Mashine ya kukodisha huzeeka kwa saa za kunguruma, watu ishirini tofauti wakijifunza kuendesha juu yake.

Fremu nilikagua kwa bisibisi, nikigonga chini ya sehemu za kuwekea miguu ambako maji ya chumvi hujikusanya. Upande wa kulia uliita vizuri. Upande wa kushoto bisibisi ilizama, na juu kidogo kulikuwa na kiraka cha kuchomelea kilichopakwa rangi nyekundu mbichi. Viunganisho vya waya chini ya kiti vilikuwa vya kijani. Meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamepinda kama kulabu. Gurudumu la mbele kushoto lilicheza, na beringi zilikuwa zimekwisha, ingawa hilo halinisumbui: beringi zina namba za kawaida, 6204 ni 6204 kwenye kwadi au kwenye mashine ya kusaga, na Nakuru zinauzwa kila mtaa.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa aina yenyewe. Hii ilikuwa kwadi ya kuchezea. Magurudumu ya nyuma tu ndiyo husukuma, kwa mnyororo ulio wazi unaokula matope. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, kwa hiyo magurudumu mawili huzunguka sawa hata kwenye kona, na dereva lazima aegemee mwili ili igeuke. Mchangani Diani hiyo ndiyo raha yake. Kwenye malisho yaliyolowa maji mwezi wa tano hulima nyasi. Haina gia ya chini ya kupandia polepole na haina ndoano ya trela, maana hakuna aliyewahi kukusudia ivute kitu.

Karatasi. Namba ya chasisi ilisomeka na haikuwa imeguswa, nampa muuzaji haki yake. Lakini logibuku, hati ya umiliki wa chombo, haikuwepo. Ufuoni haikuhitajika, basi haikuwahi kusajiliwa, na za forodha zilizotumika kuiingiza nchini muuzaji hakuwa nazo. Alikuwa na nakala ya risiti tu. Kijana akasema shambani hakuna polisi. Ni kweli, lakini kituo cha maziwa hakiko shambani. Kilomita mbili zile ni barabara ya umma, na chombo cha injini barabarani hutakiwa kiwe kimesajiliwa na kina bima ya kulinda wengine. Mtu akigongwa na kwadi isiyo na namba, familia ndiyo italipa, na shamba lina hati.

Tukaketi tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Kuchonga silinda, pistoni, ringi na gasketi: 27,000. Mnyororo na sproketi: 8,500. Beringi na bushi: 6,000. Fremu: 10,000. Waya na betri: 9,500. Hiyo ni 61,000. Trela ya kuchomelewa Njoro, pamoja na ndoano: 45,000. Ukijumlisha na bei yenyewe unafika 346,000, na bado una mashine ya kusukumwa na magurudumu mawili, isiyoweza kupata namba, inayopanda mlima kwa robo tatu ya nguvu zake.

Muuzaji aliposikia hatuchukui alishuka hadi 190,000 bila kupumua. Kijana akanitazama. Hapo ndipo mama, aliyekuwa kimya tangu chai, aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Siku hawa wote hawapo, nikiwa peke yangu na maziwa, mimi nitaigeuza?" Alikuwa amejaribu usukani ikiwa imesimama. Ekseli ile ya chuma kimoja ilikuwa imemjibu. Bei haikuzungumzwa tena.

Dipoziti ilileta kelele. Muuzaji alirudisha 20,000 na kubaki na 10,000 "ya usumbufu". Hapakuwa na maandishi ya kusema dipoziti ni ya nini na itarudi kwa masharti gani, kwa hiyo hapakuwa na pa kusimama. Ujumbe mmoja wa simu kabla ya kutuma pesa, "narudishiwa zote fundi asiporidhika", ungetosha.

Sehemu iliyobaki naipita haraka. Baada ya mavuno ilipatikana kwadi ya pili, ya shamba moja la maua Naivasha lililokuwa likibadilisha mashine zake: ya Kijapani, cc 400 na kitu, magurudumu yote manne husukuma, shafti badala ya mnyororo, gia ya mguu isiyo na klachi ya mkono. Ilikuwa mbaya kuitazama. Plastiki za mbele zilikuwa zimeshonwa kwa waya, kiti kimechanika, breki za mbele zimeshika kutu, mpira wa ekseli upande mmoja umepasuka. Kompresheni ilikuwa njema, oili ya difu (gia za ekseli) haikuwa na rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia. Logibuku ilikuwepo. Naivasha nayo iko kwenye kimo kinachokaribiana na cha Nakuru, basi kabureta ilikuwa inajua hewa yetu. Bei 390,000, matengenezo 52,000, trela ile ile 45,000: jumla 487,000. Ni 141,000 zaidi ya ile ya Diani.

Je, ilistahili? Kwa maziwa peke yake ningesema hapana bila kusita. Punda mzuri na mkokoteni wa tairi za gari havihitaji jeti wala logibuku. Kwa maji ya dawa na magunia, ndiyo, mradi vijana waitumie msimu mzima na wasiigeuze ya kwenda nayo sokoni. Mzee anaamini amepata faida kwa sababu ilipigiwa bei ya chini. Mimi naona alipata mashine inayolingana na kazi, jambo ambalo lingekuwa kweli hata angelipa bei iliyotajwa.

Njia ilichimbwa, kama nilivyosema itakavyobidi. Mitungi ya maziwa hukaa kwenye trela, chini, mbele kidogo ya ekseli, na hakuna abiria. Kijana alimpakia mdogo wake siku ya kwanza. Mama alilimaliza hilo mwenyewe na sikuhitaji kuongeza neno. Tairi zilileta shida moja: kijana alizipeleka kwa fundi wa pancha mjini Molo, naye akazijaza psi 30, kama za probox. Tairi za kwadi hii hutaka kama 5, labda 7 nyuma ukiwa na mzigo. Zikijazwa 30 mashine hudunda kwenye kila jiwe na haishiki udongo. Geji ya kawaida ya petroli stesheni hata haisomi vizuri huko chini, ikabidi tuagize ndogo ya mizani ya chini kutoka Nairobi.

Uhamisho wa umiliki ndio uliobaki. Kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali, na kwa kuwa muuzaji ni kampuni, kuna mtu ofisini ambaye lazima abonyeze kwa niaba yake. Bado hajabonyeza. Mpaka jina libadilike na bima ilipwe, kwadi hupandisha mitungi hadi getini tu, na kutoka hapo punda ndiye hushika barabara. Nilimuuliza mama kama atamuuza karatasi zikishatoka. Akasema punda hauzwi, ameshamwona fundi mara nyingi mno kwenye boma lake mwaka huu.